Simu ya mtoto: mwongozo kamili wa kuweka ulinzi wa mzazi, hatua kwa hatua

Wazazi wengi ninaowasaidia hapa Tabata hukwama mahali pamoja. Mama anapakua Family Link, programu ya Google ya kusimamia simu ya mtoto, kwenye simu yake, anaiweka na kwenye simu ya mtoto, anahangaika nusu saa, na mwisho wa yote hakuna kilichofungwa. Anasema programu ni mbovu.

Programu ni nzima. Tatizo ni kwamba simu ya mtoto inatumia akaunti ya mtu mzima. Ama ni Gmail ya baba, ama ni Gmail iliyofunguliwa dukani siku simu iliponunuliwa, tarehe ya kuzaliwa ikabuniwa papo hapo ili mteja aondoke. Kwa Google, mwenye simu hiyo ana miaka 30, na mtu wa miaka 30 hawekewi ulinzi wa mzazi.

Kwa hiyo tunaanza na akaunti. Ukiipatia hiyo, mengine yote ni kazi ya jioni moja. Ukiikosea, utarudia mwongozo huu mara tatu.

Na tunaweka ulinzi ndani ya simu, tukiiacha ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, mwishoni kabisa. Mimi mwenyewe nilianza na ruta. Nilifunga kila nilichokijua, nikalala vizuri. Siku ya nne nikamkuta mwanangu amekaa kwenye ngazi za nyuma, simu mkononi, ameunga hotspoti ya jirani. Ulinzi wangu ulikuwa umebaki sebuleni na mtoto alikuwa nje.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yako, yenye akaunti yako ya Google ambayo nywila yake unaikumbuka. Kama huikumbuki, ibadilishe leo kabla ya kugusa kingine.
- Simu ya mtoto, ikiwa na chaji ya kutosha na chaja karibu.
- Bando la kutosha kwa simu zote mbili, au Wi-Fi. Simu iliyofomatiwa hupakua masasisho mengi. Ukitegemea bando dogo la siku litakatika katikati.
- Daftari na kalamu. Nywila ya mtoto, PIN ya simu yake na tarehe ya kuzaliwa uliyoandika, vyote viandikwe na kuwekwa mahali unapoweka vyeti.
- Saa mbili zisizo na haraka.

Weka pia simu zote mbili katika Kiswahili, kwenye Mipangilio, sehemu ya Lugha. Maneno ninayotumia hapa yatafanana na unayoyaona, ingawa Tecno, Infinix, itel na Samsung hutofautiana kidogo kwa majina na mpangilio.

## Hatua ya 1: Mwambie mtoto

Mkalishe, mweleze unachokwenda kufanya na kwa nini. Mtoto aliyefungiwa kimyakimya huona ni adhabu, na siku inayofuata ataanza kuuliza wenzake shuleni namna ya kufungua. Aliyeelezwa hulalamika siku mbili, kisha anazoea.

Mwambie na hili, kwa maneno haya haya ukipenda: "Ukiona kitu kibaya, niletee simu. Sitakupiga na sitakunyang'anya." Hakuna programu inayofanya kazi ya sentensi hiyo.

## Hatua ya 2: Ondoa akaunti ya zamani, ndipo ufomati

Hapa ndipo simu nyingi hufia. Soma yote kabla ya kugusa.

Kwanza, hamisha picha na namba za simu unazozitaka. Kufomati hufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu.

Pili, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya Akaunti, gusa akaunti ya Google iliyomo, kisha uiondoe. Kama zipo mbili, ondoa zote mbili.

Tatu, ndipo uende Mipangilio, Mfumo, sehemu ya kuweka upya, ukafute data yote.

Kwa nini mpangilio huu? Kwa sababu Android ina kinga dhidi ya wezi. Simu ikifomatiwa kwa kubonyeza vitufe vya pembeni huku akaunti bado imo, ikiwaka itadai akaunti ile ile ya zamani. Kama ilifunguliwa na kijana wa dukani na hakuna aliyeandika nywila, umejifungia nje ya simu uliyoilipia. Nimeshika simu tatu za namna hiyo mwaka huu, zote zililetwa na wazazi waliokuwa na nia njema kabisa.

*Tahadhari:* kama umenunua simu iliyotumika, au mpya lakini "imeshawekwa kila kitu", usifomati kabla ya kuhakikisha akaunti imetoka. Ukiwa bado uko Kariakoo, iondoe palepale mbele ya muuzaji, na risiti uidai.

*Umefaulu ukiona:* simu imewaka kama mpya, inakuuliza lugha, na haidai akaunti yoyote ya zamani. Simama hapo. Usiendelee kwenye simu ya mtoto bado.

## Hatua ya 3: Fungua akaunti ya mtoto ukiwa kwenye simu yako

Pakua Family Link kutoka Duka la Google Play kwenye simu yako. Ifungue na akaunti yako, chagua kumwongeza mtoto, na ikikuuliza kama mtoto ana akaunti, jibu hana. Hata kama anayo ile ya dukani, jibu hana. Tunaanza upya.

Andika jina lake na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Usimwongezee hata mwaka mmoja. Nimemsikia mzazi akisema, "Nimempa miaka 14 ili asisumbuliwe." Umri huo ndio Google inaoutumia kuamua kama mtoto anaruhusiwa kujisimamia, na kwetu Tanzania ruhusa hiyo huanzia miaka 13. Ukimkuza kwa kalamu, umeuvunja ukuta kabla hujaujenga.

Nywila yake uitunge wewe na uiandike kwenye daftari. Isiwe jina lake na mwaka wa kuzaliwa, maana binamu zake wote wanavijua.

*Umefaulu ukiona:* jina la mtoto limejitokeza ndani ya Family Link yako, bila simu yoyote chini yake.

## Hatua ya 4: Ingiza akaunti hiyo kwenye simu ya mtoto

Sasa rudi kwenye simu ya mtoto iliyokuwa ikisubiri. Unganisha intaneti. Inapoomba akaunti ya Google, andika ile mpya ya mtoto. Itagundua kuwa ni mtoto na itaomba nywila yako wewe mzazi. Andika, kubali, ipe simu jina, na uiache imalize.

Usiongeze akaunti yako kwenye simu hiyo kwa sababu yoyote, hata kwa dakika tano za kupakua kitu. Akaunti ya mtu mzima ndani ya simu ya mtoto ni mlango wa nyuma.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu ya mtoto na uhakikishe Family Link hairuhusiwi kuzimwa ili kubana chaji. Simu nyingi za bei ya kawaida huzima programu zinazofanya kazi chinichini, na ulinzi huzimika nazo.

*Umefaulu ukiona:* kwenye Family Link yako, chini ya jina la mtoto, simu yake imetokea pamoja na kiwango cha chaji. Jaribu kuifunga ukiwa chumba kingine. Ikifunga, msingi umesimama.

## Hatua ya 5: Programu zinazoingia

Kwenye Family Link weka kwamba kila programu mpya lazima uiidhinishe. Mtoto akigusa kupakua, ombi linakuja kwako.

Lakini watoto wa Dar hawapakui kutoka Duka la Play peke yake. Wanarushiana. Mmoja anayo WhatsApp ya kijani kibichi iliyochakachuliwa, mwingine ana gemu, wanakaa kibarazani, Xender inafunguliwa na kwa dakika mbili imeshahama. Kwa hiyo ndani ya Family Link, kwenye mipangilio ya kifaa cha mtoto, zima ruhusa ya programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Zima pia ruhusa ya kuongeza watumiaji wengine kwenye simu hiyo.

Kila ombi la VPN likatae. VPN hupitisha intaneti kwenye njia nyingine na kuuruka ulinzi utakaoweka Hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Saa

Hatua hii ni fupi kwa vidole, lakini ina mtego ambao wenye kutumia Kiingereza hawaujui.

Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Mzazi mmoja wa Kimara alitaka simu ifungwe saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Akaandika 3 na 12, kama tunavyosema. Simu ikafungwa saa tisa alasiri, mtoto alipotoka shule, ikafunguka saa sita usiku. Wiki nzima mtoto alikuwa anaamka usiku wa manane kuchezea simu kwa ruhusa kamili ya mama yake, na mama anashangaa kwa nini anasinzia darasani.

Andika hivi:

- Saa tatu usiku ni 21:00, au 9 usiku wa simu.
- Saa mbili usiku ni 20:00.
- Saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00.
- Saa tisa alasiri ni 15:00.

Bora uiweke simu kwenye mfumo wa saa 24. Ukiona 21:00 hakuna ubishi wa asubuhi na usiku.

Kuna kikomo cha siku, yaani jumla ya muda anaoruhusiwa, na kuna muda wa kulala. Weka vyote viwili, lakini ukilazimika kuchagua kimoja, chagua muda wa kulala. Mabando ya usiku ni ya bei nafuu na watoto wanajua hilo kuliko sisi.

Usiogope kwamba hutampata. Simu ikiwa imefungwa na Family Link, mtoto bado anaweza kupokea simu inayopigwa.

*Umefaulu ukiona:* saa ya kufunga ikifika, skrini ya mtoto inaonyesha kuwa muda umefungwa. Kaa uione kwa macho yako usiku wa kwanza.

## Hatua ya 7: Chrome na YouTube

Kwa Chrome, kwenye Family Link, chagua kuzuia tovuti za watu wazima. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa mimi nachagua kali zaidi: aingie tovuti nilizoziorodhesha tu. Hakikisha Utafutaji Salama umewashwa.

Kwa YouTube, mdogo apewe YouTube Kids. Mkubwa kidogo apewe YouTube yenye usimamizi, ambayo ina ngazi tatu: ya kwanza kwa wa miaka 9 na kuendelea, ya pili kwa wa 13 na kuendelea, na ya tatu karibu YouTube yote. Anza na ya chini. Kupandisha ngazi baadaye mtoto hufurahi. Kushusha ni ugomvi.

Hakuna ngazi inayokamata kila kitu. Katuni ya Kiswahili iliyotiwa sauti ya matusi huweza kupita, kwa sababu picha ni ya watoto. Pita nyuma ya kochi, usikie.

## Hatua ya 8: DNS ya Faragha

Jina linatisha, kazi yenyewe ni dakika mbili. Kila simu inapofungua tovuti, kwanza inauliza mahali fulani anwani ya tovuti hiyo. Tunachofanya ni kuibadilishia simu mtu wa kumuuliza. Huyu mpya, akiulizwa anwani ya tovuti ya ngono au yenye virusi, hajibu. Na kwa kuwa mpangilio umo ndani ya simu, unafanya kazi kwenye bando, kwenye Wi-Fi ya shangazi na kwenye hotspoti ya jirani. Hii ndiyo iliyomaliza habari ya zile ngazi za nyuma nyumbani kwangu.

Simu iwe ya Android 9, iliyotoka 2018, au mpya zaidi. Ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya Faragha. Kama huioni, andika DNS kwenye kisanduku cha kutafutia juu ya Mipangilio. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika:

family.cloudflare-dns.com

Herufi ndogo zote, bila nafasi, bila https mbele. Hifadhi. Ni huduma ya bure ya Cloudflare kwa ajili ya familia.

*Tahadhari:* ukikosea herufi moja, intaneti yote ya simu itakatika. Bando halijaisha na mtandao haujasumbua. Rudi usome ulichoandika.

Kujaribu, huhitaji kufungua uchafu wowote. Cloudflare wameweka ukurasa wa majaribio: fungua nudity.testcategory.com kwenye simu ya mtoto. *Umefaulu ukiona:* ukurasa umekataa kufunguka, huku tovuti za kawaida zikifunguka kama kawaida.

Ujue mipaka yake. DNS haioni ndani ya WhatsApp, Telegram wala TikTok. Video iliyotumwa kwenye grupu itafika. Na mtoto mjanja anaweza kuingia Mipangilio akaizima, kwa hiyo kila Jumapili chukua simu uitazame sehemu hiyo. Ukiikuta imezimwa, muulize kwa utulivu kabla ya kuirudisha.

## Hatua ya 9: WhatsApp, kama anayo

Masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka miaka 13. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa chini ya hapo hana sababu ya kuwa nayo. Grupu la darasa likae kwenye simu yako.

Kwa mwenye umri, ingia mipangilio ya faragha. Kwenye magrupu, ruhusu watu alio na namba zao tu kumwongeza. Picha yake ionwe na alio na namba zao tu. Washa kunyamazisha simu kutoka namba asizozijua. Zima ule mpangilio wa picha na video kujipakua zenyewe. Kisha tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta usiyoijua, itoe.

## Hatua ya 10: Laini na pesa

Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ni yako kisheria, hata ikiwa mkononi mwa mtoto. Namba ya siri ya huduma ya pesa kwenye laini hiyo aijue mtu mzima peke yake, na salio lisikae humo. Piga *106# mara mojamoja uhakiki usajili wa laini zako.

## Kama mtoto hana simu, anatumia ya mama

Nyumba nyingi za hapa ziko hivi, na Family Link haifai kwa simu ya mtu mzima. Tumia kubandika skrini. Ipo kwenye Mipangilio, sehemu ya Usalama. Iwashe, na uchague idai PIN kabla ya kubandua. Halafu fungua YouTube Kids, ibandike, mpe. Hataweza kutoka kwenda kwenye meseji zako, picha zako wala programu ya pesa bila PIN. Weka pia PIN kwenye vidhibiti vya wazazi ndani ya Duka la Play.

PIN hiyo usiiandike mbele yake. Mtoto wa miaka minne hukariri vidole kabla hajajua namba.

## Televisheni, iPhone na ruta

Televisheni janja: kwenye YouTube ya sebuleni, badala ya akaunti ya baba, chagua YouTube Kids iliyomo ndani ya programu hiyo hiyo, na ufunge programu nyingine kwa PIN.

iPhone na iPad: fungua Mipangilio, sehemu iitwayo Screen Time, weka nywila ambayo si ile ya kufungulia simu, kisha washa vizuizi vya maudhui na faragha.

Ruta: geuza chini, soma anwani iliyobandikwa, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Ifungue kwenye kivinjari, badilisha kwanza nywila ya msimamizi iliyokuja nayo, kisha kwenye DNS andika 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ruta nyingine za kampuni za simu hazikuruhusu kugusa sehemu hiyo. Iache, simu zimeshalindwa.

## Ikigoma

Umebadilisha kitu na simu ya mtoto haitii: haina intaneti. Mabadiliko mapya hufika pale tu simu yake inapopata mtandao. Uliyoyaweka zamani yanaendelea kufanya kazi hata bila bando.

Simu imejifunga, mko safarini, hakuna mtandao: fungua Family Link yako, tafuta namba ya siri ya mzazi, iandike kwenye simu ya mtoto. Haihitaji intaneti.

Akaunti ya mtoto haikubali kuingia: kuna akaunti nyingine bado imo ndani ya simu. Rudi Hatua ya 2.

## Likishatokea

Mtu mzima akimwandikia mwanao mambo machafu, akimdai picha, au akimtisha kuzisambaza, usifute chochote na usimjibu mtu huyo. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Picha ya utupu ya mtoto usiitume kwa ndugu wala kwenye grupu, hata kwa nia ya kuonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuisambaza picha hiyo kuwa kosa. Iache kwenye simu ilipo, na simu yenyewe ipeleke kituo cha polisi, uombe Dawati la Jinsia na Watoto.

Kama hujui uanzie wapi, piga 116, Simu ya Taifa ya Kuwasaidia Watoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ihifadhi kwenye simu yake leo, kwa jina atakalolikumbuka.